Mama Duara na Mashimo Tisa

Shangazi yangu ana kazi ambayo hakuna mtu anampongeza akiifanya vizuri. Wewe ukipita barabara nzuri, huwa unasimama ukasema "asante aliyeziba"? Thubutu. Unapita tu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye karanga. Ila ukitumbukia shimoni, hapo hapo unakumbuka kuna halmashauri, na kwenye halmashauri kuna idara ya barabara, na kwenye idara ya barabara kuna mwanamke mmoja mwembamba mwenye kofia ya jua ambaye leo ukimpata atakutambua.

Mwanamke huyo ndiye Shangazi, dada yake baba. Mjini wanamwita Mama Duara. Hana mtoto anayeitwa Duara, msihangaike. Jina limetoka kwenye rangi.

Iko hivi. Kila robo ya mwaka halmashauri inampa lami baridi, ile ya kwenye mifuko, unaimwaga shimoni, unaishindilia, gari linapita juu yake siku hiyo hiyo. Robo ninayoisimulia walimpa mifuko mia mbili na arobaini. Shimo la kawaida linakula mifuko minne. Hesabu zilinikataa tangu darasa la tano, lakini hii hata mimi naiweza: mashimo sitini. Na Shangazi, ambaye hutembea kwa miguu mji mzima na daftari lake, alikuwa na mashimo elfu mbili mia moja na kumi na manne. Anayajua kwa sura. Akipita anayaangalia kama mwalimu anavyoangalia watoto watoro.

Sasa sitini utachagua vipi kati ya hayo yote? Shangazi ana fomu. Gari la wagonjwa linapita? Alama kumi. Wanafunzi wanavuka? Alama nane. Maji yanakaa? Shimo linaingia goti? Akishajumlisha, anachukua kopo la rangi ya njano na brashi, anakwenda mwenyewe kuzungushia duara yale sitini yaliyoshinda, na ndani ya duara anaandika namba. Kisha nyuma yake wanakuja vibarua, watu wanne na toroli mbili, wakiongozwa na nyapara anayeitwa Sururu, mwenye mwanya kwenye meno ya mbele kama geti lililoachwa wazi.

Zamani vibarua walikuwa wanaziba wanavyoona. Shida ni kwamba walikuwa wanaona vizuri zaidi mahali penye soda baridi. Mwenye nyumba anatoka na kreti, anawaita "wanangu", na shimo lake linakuwa la dharura. Kuna mwaka mifuko minne ilipotea kabisa, baadaye ikaonekana imekuwa sakafu ya banda la kuku. Kuku wanaishi kwenye lami, mama mjamzito anapelekwa zahanati anarukaruka kama mahindi kwenye kikaango. Shangazi akachukia, akatunga sheria, akawakaririsha mpaka ikawaingia.

"Penye duara?"

"Ziba!"

"Pasipo duara?"

"Hata usipatazame!"

"Na Mama Duara unamuuliza?"

"Haulizwi!"

Ilifanya kazi miaka kumi na mmoja. Hakuna kuku aliyepata lami tena.

Sasa tuje kwetu, maana ndiko aibu iliko. Mtaa anaoishi mkuu wa viraka ndio ulikuwa na mashimo yanayotisha kuliko yote mjini. Mengine yalipewa majina. Kulikuwa na Bwawa, kulikuwa na Kaburi la Springi, na lile la mbele ya geti letu liliitwa Mkwe, kwa sababu ukilifikia lazima upunguze mwendo na uiname kwa heshima. Lakini mtaa wetu ni wa njia moja, ukiingia mwisho ni ukuta. Hakuna shule, hakuna zahanati. Kwenye fomu ya Shangazi tulipata alama kumi na moja kati ya hamsini. Tulifeli hata mtihani wa kuharibika.

Na hata tungefaulu, asingeziba. Nilimuuliza siku moja.

"Nikiziba hapa watasema najipendelea," alisema. "Nisipoziba wanasema sifanyi kazi. Bora wanitukane nikiwa sijaiba."

Na walimtukana kweli. Mtaa una kundi kwenye simu, na msimamizi wake ni jirani yetu Fundi Rangi, anayeandika mabango ya maduka, mtu wa mizaha asiye na breki. Kila mvua ikinyesha anapiga picha Bwawa na kuandika: "Samaki wabichi, Mama Duara tunampa punguzo." Mwingine anaweka picha ya tairi lililopasuka, chini yake vikatuni ishirini vya kulia. Mwingine anauliza kama boti zinahitaji leseni. Shangazi alitaka kujitoa, lakini ukijitoa kundi linatangaza "amejitoa", na hapo ndipo wangemmaliza. Basi akabaki, amezima sauti, hajibu, hatoki. Mwaka mzima yumo ndani kama mtu aliyejificha chooni mwenye nyumba akiwa anagonga mlango.

Haya yote angeyavumilia. Asiloweza kulivumilia lilikuwa la Bibi.

Bibi ni mama yake Shangazi, ana miaka sabini na tisa, alivunjika nyonga na sasa anatumia kiti cha magurudumu. Magurudumu ya mbele ya kile kiti ni madogo kama vifuniko vya sufuria. Siku ya kwanza tulipojaribu kumtoa, Mkwe alimkamata palepale getini, nusura Bibi aruke kutangulia kiti. Tangu siku hiyo hakutoka, ila kliniki. Miezi saba. Dereva wa teksi wa kumpeleka kliniki anaishia kona, na mimi nambeba mgongoni hadi huko, jambo ambalo Bibi analichukia kuliko sindano. Rafiki yake kipenzi ni mshonaji mwenye kibanda hapo hapo kona, mita mia mbili. Walikuwa wanapigiana simu kama watu walio nchi mbili.

"Huko kwenu mvua imenyesha?" Bibi anauliza.

"Imenyesha. Na kwenu?"

Mimi nikicheka, Bibi ananirushia mto.

Dawa ya Shangazi ilikuwa neno moja: tunahama. Ofisi ya mkoa ina maabara ya udongo, na alikuwa ameomba uhamisho kwenda huko. Kule unakaa ndani, unatia kokoto kwenye mkebe, mashine inabonyeza, unaandika namba. Mkebe haukutukani. Nyumba za wafanyakazi ziko kwenye barabara laini kabisa mpaka mlangoni, Bibi angejisukuma mwenyewe. Aliomba mara tatu, mara tatu kulikuwa na sababu. Mara hii ya nne Bosi wake, mkuu wa idara, alimwambia wazi: "Dada, robo hii ikiisha bila kelele za wananchi, barua yako nasaini. Kukitokea kelele, mimi sikujui."

Zilikuwa zimebaki siku nne robo iishe. Mashimo hamsini na moja yalikuwa yameshazibwa. Yalibaki tisa tu, namba hamsini na mbili mpaka sitini, yote kwenye barabara ya zahanati ya wazazi. Maduara yalikuwa yameshachorwa kule, yanasubiri.

Asubuhi ile Shangazi alikuwa anakwenda kwenye kikao cha bajeti cha siku mbili, wanalala huko huko, simu zinakusanywa mlangoni. Alikuwa amepiga pasi blauzi nyeupe. Alimwinamia Bibi kumuaga.

"Mama, zimebaki siku nne."

"Zako au za halmashauri?"

"Kwani zina tofauti?"

"Zako nazijua," Bibi akasema. "Za halmashauri zina tabia ya kuzaana."

Shangazi akacheka, akaondoka akirukaruka pembeni mwa Mkwe na viatu vyake vya kikao.

Saa saba mchana, jua la utosi, nachungulia dirishani namwona Fundi Rangi katikati ya barabara. Amevaa kizibao cha kung'aa, ameweka ndoo nyekundu mbele na nyuma yake kama mtu aliyetumwa na serikali. Amepiga magoti anazungushia duara Mkwe. Kwa rangi ya njano. Watu wanapita wanamsalimia. Nilijifunza siku hiyo kwamba ukivaa kizibao unaweza kuhamisha hata nyumba, watakusaidia kubeba.

Nikatoka. "Fundi, vipi tena?"

"Kibarua."

"Cha nani?"

"Muulize bibi yako."

Nikageuka. Bibi yuko barazani kwenye kiti chake, na mapajani ana ile nakala ya orodha ya mashimo ambayo Shangazi huiacha juu ya meza. Ananitazama bila kupepesa.

"Wewe," akasema, "maharage yanaungua."

"Bibi, lakini Shangazi..."

"Maharage."

Nikaenda kuangalia maharage. Hilo ndilo kosa langu, na nimeshaliombea msamaha, kwa hiyo msinianze kwenye maoni.

Hakuna aliyeiba kitu bado, nilijiambia. Ni rangi tu. Sururu hatakubali. Kesho yake asubuhi Sururu na watu wake wanatoka bohari na mifuko thelathini na sita ya mwisho, wanaelekea zahanati, na njia yao inapita mdomoni mwa mtaa wetu. Pale kona, mbele ya kibanda cha mshonaji, kuna duara la njano. Ndani yake: hamsini na mbili.

Nilikimbia nikawakuta wameshashusha makoleo.

"Mzee Sururu, shikamoo. Una uhakika ni huku?"

"Marahaba. Duara hilo hapo."

"Si mlikuwa mnakwenda zahanati?"

"Tulikuwa." Akanishika bega, akaniongoza hadi duara la sita, namba hamsini na saba. "Tazama hiyo saba. Imefungwa mkanda kiunoni. Mji mzima huu nani mwingine anaifunga saba mkanda?"

Kweli, saba ya Shangazi ina kistari katikati. Na Fundi Rangi kazi yake ni kuiga maandishi ya watu. Aliiga hata ule mkia mdogo.

"Tuma mtu kikaoni basi amuulize," nikasema.

Sururu akaniangalia kama nimetukana. "Haulizwi," akasema. Kisha akatabasamu mwanya wote nje. "Hatimaye mama kajikumbuka. Wanangu, hii ya hapa tunaiweka kwa upendo!"

Waliiweka kwa upendo. Sijawahi kuona viraka vizuri namna ile. Walifagia kwanza, wakakata kingo zikanyooka, wakashindilia tabaka kwa tabaka, na Mkwe alipokwisha huwezi kumjua. Mtaa ulitoka nje wote. Mshonaji alipiga vigelegele. Bibi alikaa barazani, mikono imeshika magurudumu.

Shangazi alipewa simu yake wakati wa mapumziko ya chakula. Alituambia baadaye kwamba alipoona meseji mia mbili na kumi na nne za kundi la mtaa alijua kuna mtu amekufa. Akafungua. Mwaka mzima hajawahi kupata neno jema kwenye lile kundi, na sasa zilikuwa pongezi mfululizo. "Hongera Mama Duara!" "Mwanamke wa shoka!" "Mwenye macho kaona!" Mikono ya kupiga makofi, maua, makopa. Fundi Rangi kaweka picha ya Mkwe aliyezibwa na kuandika: "Apumzike kwa amani, tulimzoea." Shangazi anasema matusi yote ya mwaka hayakumkata miguu kama yale makofi. Na picha ilikuwa imeshatoka kwenye kundi letu, iko kwenye makundi ya mitaa mingine, na huko hakuna aliyekuwa anapiga makofi. Huko wameandika: "Mkubwa kaanza na kwake."

Alikuja kwa miguu saa tisa, bado na blauzi yake ya kikao. Watu wakampungia. Hakupunga. Alikanyaga kila kiraka, kimoja baada ya kingine, tisa, kama anavikagua. Kwenye Mkwe alisimama, akabonyeza kwa kisigino.

"Kazi nzuri," akasema. Kwa uchungu kabisa, lakini alisema. Ni fundi, hawezi kujizuia.

Fundi Rangi alikuwa ametokea kumpokea, akaona ule uso, akavua kofia.

"Mama, mimi nilidhani ni wewe uliyemtuma Bibi..."

"Saba yako imenyooka kuliko yangu," Shangazi akamwambia, akampita.

Ndani alikaa kwenye kiti akimtazama mama yake. Mimi nilikuwa jikoni, lakini nyumba yetu ni ya kuta nyembamba.

"Mama. Siku nne."

"Mara ya kwanza uliniambia wiki mbili. Mara ya pili uliniambia baada ya mvua."

"Mara hii ilikuwa kweli."

"Hata zile zilikuwa kweli." "Mwanangu, miezi saba naliangalia lile geti. Nalijua kuliko ninavyokujua wewe. Kila siku unatoka hapa unakwenda kuziba njia za watu nisiowajua."

"Ile lami ilikuwa ya barabara ya zahanati."

Nikasikia kiti cha Bibi kikirudi nyuma kidogo. Nafikiri hilo hakuwa amelifikiria. Kwenye orodha aliona namba tu.

"Basi waambie ni mimi," akasema mwishowe.

"Nikawaambie nini? Kwamba mama yangu mwenye miaka sabini na tisa ameiba mifuko thelathini na sita ya lami kwa kiti cha magurudumu?"

Hapo mmoja wao alicheka. Sijui nani. Kicheko kilikatika haraka.

Kesho yake Bosi alimwita. Shangazi alinichukua niwe shahidi, maana nilimwona Fundi Rangi kwa macho yangu. Nikakaa kwenye benchi nje, nasubiri kuitwa. Sikuitwa. Lakini mlango wa Bosi haufungi, bawaba imekufa na bajeti ya bawaba haipo, kwa hiyo nilisikia yote kama redio.

"Dada, mimi nakujua," Bosi alisema. "Najua hukufanya hivi. Ndiyo maana nakupa njia. Andika hapa kwamba vibarua walikwenda kinyume cha maelekezo. Walipewa chochote na wananchi, au walikosea njia, chagua mwenyewe. Tunawaondoa leo, kelele zinakwisha. Barua yako hii hapa. Kalamu hii hapa."



"Hawana mkataba," Bosi akaongeza. "Hawana kesi. Kesho nje ya geti watasimama wengine kumi."

"Sururu ana miaka mingapi hapa?" Shangazi akauliza.

"Sijui. Kwani tunazungumzia Sururu?"

"Kumi na mmoja. Mimi ndiye niliyemkataza kuniuliza."

"Dada. Barua iko mezani."

Niseme ukweli wangu hapa. Mimi ningeandika kabla kalamu haijavuliwa kofia. Nilikuwa pale kwenye benchi naomba aandike. Nilikuwa nimeshachagua chumba changu kwenye ile nyumba ya mkoa. Nikasikia kalamu inaandika, nikasema moyoni, haya, twende zetu.

Kisha nikamsikia Bosi anasoma, taratibu, kama anayesoma risiti ya mtu mwingine: "Maduara yalikuwa kwa mwandiko wangu, mtaani kwangu. Vibarua walitii utaratibu nilioweka mimi. Kosa ni langu." Nikasikia karatasi inageuzwa. "Hujamtaja aliyechora."

"Hapana."

"Unamjua?"

"Namjua."

"Na hutamtaja."

"Bosi, nikimtaja utacheka, halafu utamwondoa Sururu."

Kiti kikalia. "Sasa nikufanye nini? Unataka nikufukuze?"

"Fanya unavyoona."

"Nani atazunguka na daftari jua lote hili kwa mshahara huu? Sina mtu." Nikasikia karatasi inavutwa juu ya meza, inarudi kwenye droo, droo inafungwa. Nayo ilihitaji kusukumwa mara mbili. "Onyo la maandishi. Utabaki kituoni kwako. Nafasi ya maabara ataichukua yule kijana wa ramani. Na kule zahanati kuna maduara tisa na mifuko sifuri, watu wataanza kupiga picha. Nenda kayafute."

Hivyo ndivyo alivyofungiwa. Wengine hupewa adhabu ya kuondolewa kazini, yeye alipewa ya kubaki.

Tulikwenda mchana huo huo, yeye, mimi na Sururu. Rangi nyeusi, brashi pana. Sururu alikuwa ameshasikia, maana ofisini siri huwa inawahi kufika bohari kuliko mtu.

"Mama, mimi ningesema tu nilikosea," akaanza. "Mimi nimezoea kufukuzwa, kabla ya hapa nilifukuzwa mara..."

"Sururu, usiniudhi. Shika kopo."

Akashika kopo. Shangazi akapiga magoti kwenye lami ya moto, akaanza na hamsini na mbili. Anazungusha brashi nyeusi juu ya njano, taratibu, bila kuacha alama. Kwenye la nne gari la wagonjwa likaja, likasimama nyuma yetu. Dereva akatoa kichwa.

"Mama Duara, hilo si letu unalifuta?"

"Ndilo."

"Mpaka lini?"

"Robo ijayo nitaliombea tena."

"Kwa hiyo niendelee kupita upande wa majani."

"Pita. Nenda polepole."

"Mimi naenda polepole," dereva akasema, wala hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. "Walio nyuma wakiwa na uchungu ndio hawataki kusikia neno polepole." Akapandisha tairi mbili kwenye majani, gari likalala upande, likapita. Shangazi alilisindikiza kwa macho mpaka likaingia getini, kisha akachovya brashi.

Alifuta yote tisa. Hakuniruhusu nimsaidie hata moja.

Upande wa nyumbani mtaa ulikuwa umeshapata habari, na kundi likabadilika tena. Wa huruma walikuwepo, wawili hivi. Waliobaki walikuwa wanauliza mita hamsini za mwisho kuelekea ukutani zitazibwa lini, kwani wao si watu? Mtu mmoja kaandika, "Na sisi kwetu tuna bibi." Fundi Rangi akafunga maoni, mara ya kwanza tangu kundi lianzishwe.

Na Bibi alikataa kutoka. Unaelewa? Barabara hiyo hapo, nyororo, kiti hicho hapo, na yeye kajifunika shuka miguuni anaangalia ukuta. Siku mbili. Mshonaji alipiga simu, Bibi akasema amelala, kwa sauti ya mtu aliye macho kabisa.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Shangazi alirudi mapema, akaweka daftari mezani, akasimama mbele ya mama yake.

"Mama, vaa viatu."

"Siendi."

"Vaa viatu."

"Nitapitaje pale? Watu watanitazama."

"Watakutazama. Mifuko thelathini na sita, Mama. Utapita."

Alimvalisha mwenyewe, akipiga magoti kama alivyopiga kule zahanati. Akashika kiti, akakigeuza, wakatoka getini. Mimi nikafuata nyuma nimebeba mto. Juu ya Mkwe kiti kilipita bila hata kutikisika. Bibi alikuwa ameshika mikono ya kiti kwa nguvu akisubiri kuruka, na hakuruka, na akaendelea kushika vivyo hivyo hadi kiraka cha tatu.

"Na maabara?" akauliza bila kugeuka.

"Kapata mwingine."

"Kijana?"

"Kijana. Ana mke, wana mtoto mdogo."

"Kwa hiyo tuko hapa."

"Tuko hapa, Mama."

Waliokuwa vibarazani walisalimia, wengine kwa sauti, wengine kwa kidevu. Shangazi aliitikia wote kwa sauti ile ile. Pale kona kiraka cha mwisho kinaishia mbele ya kibanda, na baada yake inaanza barabara kubwa na mashimo yake mengine. Shangazi akasimamisha kiti, akafunga breki. Mshonaji akatupa nguo aliyokuwa anaishona, akaja mbio na tepu ya kupimia inaning'inia shingoni, akamkumbatia Bibi mpaka kiti kikarudi nyuma. Walilia, wakacheka, wakaanza kugombana palepale kuhusu nani aliacha kumpigia mwenzake.

Shangazi alikaa kwenye ukingo wa barabara, kofia ya jua mapajani. Alikuwa anaiangalia ile barabara kubwa. Nadhani alikuwa anahesabu.

"Sasa utakuwa unakuja?" mshonaji akamuuliza Bibi. "Nisije nikazoea halafu mkahama. Nilisikia mnahama."

Bibi akamtazama binti yake. Shangazi hakuinua kichwa.

"Atakuja kila siku," akasema. "Hatuendi popote."

Mshonaji akapiga makofi.